Dole Gumba la Nyamizi

Chumvi ndiyo iliyomtoa Generosa nyumbani jioni ile, chumvi tu, na mtoto mgongoni. Lakini duka la kijiji limepakana na ofisi ya ushirika wa pamba, na ofisi ya ushirika ndiko barua zinakofikia, kwa hiyo hakuna aliyedanganyika.

"Mwandishi wetu," karani Marcel alisema bila kuinua kichwa. "Leo chumvi au barua?"

"Chumvi. Na barua, kama ipo."

Mwaka mmoja na miezi minane. Madaftari manne, riwaya nzima, aliyatuma kwa wachapishaji wa Dar es Salaam mwanzoni mwa mwaka sabini na nne, kabla Operesheni ya kuhamishia watu vijijini haijawang'oa kwenye mji wao wa zamani na kuwaleta huku kwenye nyumba za mistari. Kila Ijumaa alikuja kuuliza. Kila Ijumaa alirudi na sababu mpya: labda mhariri anaumwa, labda wanaisoma mara ya pili, na mtu hasomi mara ya pili kitu kibaya, sivyo?

Siku hiyo Marcel alikuwa anapanga kabati. Mezani palikuwa na daftari kuukuu la barua, la karani Pantaleo aliyemtangulia. Alilifunua kumridhisha tu huyu mama. Kidole kikashuka... kikasimama.

"Mama Nyamizi. Hii si yako? Novemba mwaka jana, kutoka Dar. Bahasha nyembamba, ameandika. Imefikishwa mji wa zamani." Akamgeuzia daftari. "Mpokeaji Nyamizi. Dole gumba hili hapa."

Nyembamba. Riwaya iliyokataliwa hurudi nene, pamoja na madaftari yake. Nyembamba ni neno jema.

Ndipo jina likamwingia akilini.

Nyamizi ni mtoto aliye mgongoni, na Novemba ile alikuwa bado tumboni. Nyamizi mwingine ni bibi wa mumewe, Ngassa; ndiye ambaye mtoto alirithishwa jina lake. Huyo alizikwa Juni. Miezi mitano kabla ya dole lile.

"Pantaleo alikuwa ametoka hospitali siku hizo," Marcel alisema taratibu. "Hakujua mmehamishwa. Alipanda baiskeli akaenda. Wanasema aliporudi aliweka daftari mezani, na kesho yake akaacha kazi."

Generosa hakurudi nyumbani; alishika njia ya mji wa zamani. Alijiambia Pantaleo kabandika dole lake mwenyewe, uvivu wa makarani, na barua kaichomeka kwenye nyasi za mlango wa bibi kama alivyozoea, na jua bado lipo, na mguu wake ni mwepesi. Alijiambia mengi. Asichojiambia ni maneno ya mama mkwe wake, Limi, aliyoyasema mara moja tu, kwa kunong'ona: kwamba siku ya kuhamishwa malori yalinguruma, wakatoka mbio, wala hawakummwagia bibi maji ya unga kaburini kumwambia wanakokwenda. Kwamba mtoto mwenye jina lake asipelekwe kule kabla ya kutambulishwa.

Na mtoto alikuwa analia kila magharibi. Tangu azaliwe. Kila magharibi, saa ileile.

Alipofika kwenye mahame jua lilikuwa limegusa majabali. Mapaa yalishaezuliwa na mgambo. Minyaa ilikuwa imeota hovyo, magugu hadi kiunoni.

Ila uwanja wa bibi ulikuwa umefagiwa.

Mistari ya ufagio ilikuwa bado mibichi mavumbini. Na harufu... ugoro. Ugoro na moshi wa samadi.

"Hodi," alisema, mdomo tu, mazoea.

Njiwa mmoja akaruka.

"Mwadila, mkamwana."

Salamu ile ya jioni ilitoka ndani, chini, karibu na sakafu.

"Barua yako ninayo. Sijui kusoma, unajua. Naishika tu."

Gizani mle mlangoni ncha nyeupe ya bahasha ilitokeza. Ilikuwa inatetemeka kidogo, kama inavyotetemeka mkononi mwa mzee.

"Bibi... naiomba."

"Umesubiri sana?"

"Sana, bibi."

"Mimi pia. Nimetuma salamu kwenu kila jioni. Kila jioni nimemliza mtoto. Hakuna aliyenijibu." Pumzi ndefu. "Nipe somo wangu nimbebe. Kidogo tu."

Generosa angeweza kukimbia. Baadaye, usingizi ulipomkataa, aliapa kwamba alitaka kukimbia. Lakini bahasha ilikuwa nyembamba, na ilikuwa hatua mbili tu.

Alifungua fundo la kanga.

Mgongo ukawa mwepesi. Ukawa wa baridi.

Na mtoto, ambaye magharibi yote ya maisha yake alilia, akacheka.

Kicheko hicho ndicho kilichomzindua. Alimnyakua, akajivuta, akakimbia kwenye magugu na mtoto kifuani, hakugeuka, hata taa za kijiji zilipoonekana hakupunguza mwendo. Chumvi aliipoteza njiani. Barua ilikuwa kwenye ngumi ya mtoto.

Riwaya yako tumeipenda, iliandikwa. Tafadhali tujibu ndani ya miezi mitatu.

Ilikuwa ya Oktoba, mwaka uliopita.

Hakumwambia Limi. Hakumwambia Ngassa, aliyekuwa Rwamgasa kwenye mashimo ya dhahabu. Aliandika usiku uleule kueleza: tulihamishwa, naomba msinifute, anwani mpya ni hii. Kisha akamwogesha mtoto. Dole gumba la kulia lilikuwa jeusi, la masizi. Alisugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa mchanga. Weusi haukutoka.

Mtoto hakulia tena magharibi. Alikuwa anakaa wima, ametazama mlango, mtulivu, kama mtu anayesubiri wageni.

Ijumaa zikapita. Labda wanatafuta madaftari. Labda mvua imekata barabara. Mwishoni mwa Januari alimkuta Marcel amesimama mlangoni mwa ofisi, hana utani.

"Shemeji, barua yako ya Dar ilifika juzi."

"Iko wapi?"

Marcel hakumtazama yeye. Alimtazama mtoto. "Niliiweka mezani, nikafunga ofisi kwa kufuli. Asubuhi haikuwapo."

Akafunua daftari. Nyembamba, alikuwa ameandika kwa mkono wake. Chini yake, mahali pa mpokeaji, palikuwa na dole gumba jeusi, bichi bado.

Dogo. Kama punje ya hindi.

Generosa alimrudishia Marcel daftari. Alilitazama jua. Lilikuwa bado juu ya majabali, muda wa kufika mahame upo, na mguu wake ulikuwa mwepesi. Akamfunga mtoto vizuri mgongoni.

Fundo moja tu, lile la kulegea.