Mtamba Mmoja Leo

Jumamosi moja ya mwaka wa sitini na tisa, foleni ya chama cha kununua mashamba mjini Eldoret ilitoka mlangoni ikafika barabarani. Chepkorir alikuja kumshikia babake nafasi, akiwa amevaa sweta ya kijani na kitambaa cheupe kichwani. Kijana mrefu mwenye tai nyembamba akasimama mbele yake.

"Dada, swali moja tu. Ungepewa mtamba mmoja leo, au wawili mwaka kesho, ungechagua nini?"

Kwa kina Chepkorir, kijana hataji ng'ombe, mali ya mahari, mbele ya msichana bure. Moyo ulimruka. Akainamisha macho.

"Wawili. Mimi naweza kungoja."

"Wenye subira ni wachache," kijana akasema, na tabasamu lake likamkaa Chepkorir kifuani.

Aliitwa Thuo, mchumi wa chuo kikuu Nairobi. Alichunguza jinsi kodi ya serikali inavyowafanya watu waweke akiba au wale vyote. Nchi, alisema, hujengwa na wanaoweza kungoja. Walitembea kando ya mto Sosiani mpaka baridi ikawafukuza. Aliporudi Nairobi alipiga simu kila Ijumaa, na kwa kuwa Chepkorir ndiye aliyeunganisha simu pale posta, dakika tatu alizolipia Thuo hazikuwahi kwisha.

"Utafutwa kazi, mpenzi."

"Nitakuja unilishe nadharia zako."

"Hazina chumvi."

"Nitazoea."

Siku nyinginezo Chepkorir alikaa na waya zake, akisikia mapenzi ya wengine yakipita mikononi mwake.

Mwaka ulipotimia Thuo akaja tena kwa utafiti, wakaahidiana kuonana saa ya chakula. Mama yake Chepkorir alikuwa amejaza kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando. "Mpelekee huyo wa ng'ombe wawili," alisema.

Chepkorir akafika mapema. Alimkuta Thuo palepale penye foleni, mbele ya Mama Waithira, muuza viazi.

"Mama, mtamba mmoja leo, au wawili mwaka kesho?"

"Nipe wa leo, kijana. Mwaka kesho ni wa Mungu."

Watu wakacheka. Thuo akaandika, akamgeukia aliyefuata, akauliza vilevile, kwa tabasamu lilelile. Chepkorir akarudi nyumbani na kibuyu chake.

Ijumaa simu ikaingia.

"Ulipotelea wapi? Nilikungoja mpaka basi likaondoka."

"Nilikuja. Nikasikia swali langu likiulizwa wengine."

Thuo akacheka. "La mtamba? Hilo ni la utafiti. Nimeuliza nusu ya Eldoret."

"Nilidhani unaniuliza mimi."

Kicheko cha Thuo kikakatika. "Sikujua. Nakupenda, Chepkorir, na hilo si la utafiti. Lakini nimepata nafasi ya kusoma Ulaya, miaka mitatu. Nikirudi nitakuja kwenu na ng'ombe wote. Utaningoja?"

"Nikuulize na mimi. Mtamba mmoja leo, au wawili ukirudi?"

"Wawili," Thuo akajibu upesi, kama mwanafunzi anayejua jibu.

Chepkorir akatazama saa ya ukutani. Akaitoa ile sauti aliyowawekea wageni.

"Dakika zako tatu zimekwisha, bwana. Utaongeza?"

Akangoja kidogo, kungoja alikujua. Kisha akachomoa waya, na taa ndogo ya laini ya Nairobi ikazimika.