Jiwe Chini ya Ulimi wa Olow

Olow alitema mate. Akatembea kidogo, akatema tena. Uwanja wa nyumba yake pale Masalani ulijaa madoa ya mate, utadhani mvua ilijaribu kunyesha ikaghairi.

"Baba Fosia, utamaliza lini kumwagilia uwanja?" mkewe Habibo aliuliza kutoka jikoni. "Hapo hapaoti kitu."

"Nimefunga," Olow akajibu. "Nikimeza mate, nimekunywa."

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani na jua lilikuwa kali. Olow, mchungaji wa ngamia, alitema mate kutwa kila Ramadhani, kama alivyofanya baba yake. Lakini mwaka huu alikuwa na taabu mpya. Kila jioni, tende ya kwanza ilipogusa ulimi, alivimba chini ya taya, upande wa kulia. Uvimbe ulikuwa kama yai na uliuma. Baadaye ulinywea. Kesho yake ni vilevile: tende, yai, maumivu. Sasa aliogopa kula. Mtu aliyeshinda na njaa, halafu anaiogopa futari, atatulia vipi? Olow hakutulia. Alizunguka nyumba, akajishika taya, akazunguka tena.

Leo alikuwa na sababu ya kuzunguka zaidi. Kaka yake Yarrow alikuwa amefika kutoka Kotile na chuma chake. Yarrow alisifika kwa kuchoma uvimbe wa ngamia kwa chuma cha moto. Watu pia aliwachoma. Chuma kilikuwa tayari kwenye makaa.

"Tukishafuturu nakuchoma mara moja tu," alisema Yarrow. "Ngamia wangu hawajawahi kulalamika."

"Wangelalamika kwa lugha gani?" Habibo akauliza.

Olow hakucheka. Aliutaka moto, na aliuogopa. Aliyatazama makaa, akatazama pembeni, akayatazama tena.

Habibo hakubishana na wanaume. Alichukua dumu la maziwa akatoka, kama anayekwenda kuuza. Aliporudi alikuwa na jirani yao Loise, muuguzi wa zahanati, mtu wa Kitui.

"Mzee Olow, habari ya saumu?" Loise alisalimu.

"Alhamdulillahi. Nani amekuita?"

"Nimefuata maziwa. Lakini nimesikia una taya lisilopenda tende."

Adhana ya magharibi ikalia. "Kula, mzee," Loise akasema. "Nataka kuona."

Olow akatia tende mdomoni. Yai likatokea. Yarrow akainuka kukifuata chuma.

"Ngoja kwanza, mzee Yarrow," Loise alisema. "Unajua hapo pana nini?"

"Uchafu."

"Pana tezi. Mate hutengenezwa na tezi. Kubwa ziko jozi tatu: mbele ya masikio, chini ya taya, na chini ya ulimi. Ndogo ndogo ziko nyingi, midomoni na mashavuni. Hii ya chini ya taya ina mrija unaopanda hadi chini ya ulimi. Mwili ukikosa maji, mate huwa mazito. Chumvi zilizomo zinaweza kuganda zikawa jiwe. Jiwe likiziba mrija, na tende imeita mate, yatapita wapi?"

Yarrow alifikiri. "Kama tangi ambalo bomba lake limeziba."

"Hasa. Sasa ukilichoma tangi, bomba litazibuka?"

Yarrow akaketi tena.

"Na hapo karibu unapita mshipa wa fahamu unaovuta mdomo," Loise akaongeza. "Ukiuchoma, mdomo unaweza kupinda."

"Umepinda vya kutosha," Habibo alisema. "Usituongezee."

Loise aliwasha tochi. "Inua ulimi, mzee." Akachungulia. "Naona kitu cheupe kama punje ya mchele. Kiko karibu na mlango wa mrija. Tujaribu kukisaidia, lakini msikichokoe kwa sindano wala kucha. Mzee, kunywa maji mengi. Kisha unyonye ndimu, mate yaje kwa nguvu. Mtu akukande polepole, kutoka nyuma ya taya kuja mbele."

Olow alimtazama Loise, akatazama chini. Kukandwa na mke wa mtu?

"Mikono ya mkeo inatosha," Loise alisema.

Habibo alianza kukanda. Olow alinyonya ndimu huku akipiga teke mkeka. Alitaka kuinuka, Habibo akamkalisha.

"Na likikataa?" Yarrow aliuliza, jicho likiwa kwenye makaa.

"Asubuhi twende hospitali. Akipata homa au usaha, hatungoji asubuhi." Akamkatia Yarrow kipande cha anjera, mkate laini kama chapati ya maji. "Wewe, mzee, tafuna hii. Usimeze haraka."

Yarrow alitafuna. Akatafuna. "Imekuwa tamu," alisema kwa mshangao.

"Mate yameanza kuisaga. Yanageuza wanga kuwa sukari. Yanalainisha chakula kipite kooni. Yanaosha meno na kupigana na vijidudu. Mdomo mkavu huoza meno mapema."

Olow akaguna. Alihisi kitu kinachoma chini ya ulimi, kisha ladha ya chumvi ikamjaa mdomoni. Alitema kiganjani. Kijiwe cheupe chenye umanjano kilikuwa pale, kidogo mno kwa kelele zote alizopiga. Alijishika taya. Yai lilikuwa linashuka.

"Anjera iko wapi?" aliuliza. Alikula mpaka Yarrow akaivuta sahani upande wake.

"Kunywa maji mengi kila usiku kabla ya daku," Loise alimwambia. "Na mate unayotema ni maji ya mwili wako. Lakini mambo ya saumu si kazi yangu. Muulize maalim."

Olow alimuuliza baada ya sala. Maalim alisema kuwa mate ya mdomoni mwako mwenyewe hayavunji saumu. Tangu siku ile Olow aliacha kutema, akanywa maji usiku, na futari ikapita bila yai.

Ijumaa, wanaume waliketi kivulini nje ya msikiti. Olow aliwaeleza juu ya tezi, mirija na jiwe. Wengine walitikisa kichwa.

"Wallahi, mimi simezi mate," Yarrow alisema. "Ikiwa tezi zinataka, zingoje magharibi."

"Sawa," Olow alisema. Kisha akaanza kusimulia taratibu habari ya ndimu. Jinsi Habibo alivyoikata. Jinsi maji yake yalivyochuruzika kwenye kisu. Jinsi ilivyokuwa kali ulimini.

Koo la Yarrow likapanda, likashuka. Kila mtu aliliona. Hakuna aliyemcheka, maana wote walikuwa wanameza.