Ngazi za Ukumbi Mpya

Ndugu zangu, jioni zilikuwa tamu kwenye boma la mzee Heche kule Kemambo, miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Mzee aliketi juu ya ngozi, miguu yake iliyopooza ameikunja, akipiga litungu, ala yake ya nyuzi. Wegesa, mke wa mwanawe, alisonga ugali huku akiitikia wimbo kutoka mbali. Kutoka mbali, kwa sababu mkwe ni mkwe. Mke wa mwana hamgusi baba mkwe, hata fimbo hampokei mkononi.

Kijiji kikataka ukumbi wa utamaduni. Lilikuwapo ghala kuukuu la kahawa, mlango wake juu, usawa wa bodi ya lori, ili magunia yapite bila kuinuliwa. Nashoni, mume wa Wegesa, aliongoza kamati. Akajenga ngazi za saruji, nyembamba na kali. Zilipendeza, sikatai.

"Baba Ryoba," Wegesa alimwambia, "mzee atapandaje? Mawe tunayo tele. Tushindilie mteremko pembeni. Hata vikongwe na wajawazito watashukuru."

"Mteremko kama wa josho la ng'ombe? Wageni wa wilaya watucheke? Baba atabebwa."

"Na nani?"

"Kijiji kizima ni chake! Huu ni ujamaa, mama Ryoba."

Msomaji, umewahi kuusikia wimbo huo? Wegesa aliusikia, akarudi jikoni, maana mume ameshasema.

Siku ya ufunguzi mzee aliletwa kwa mkokoteni, litungu limefungwa nyuzi mpya. Alikuwa na furaha ya bwana harusi. Mara honi ikalia barabarani. Wanaume wote wakatimka kupokea wageni, Nashoni mbele yao. Chini ya ngazi wakabaki wanawake, wake wa rika la Nashoni, na wote hao kwa mzee ni wakwe.

"Baba, subiri kidogo," Wegesa alisihi. "Wanarudi sasa hivi."

"Mgeni anikute nje kama mbwa, na ngoma ni yangu? Hapana, mama."

Akajifunga litungu mgongoni, akaanza kupanda kwa viganja. Wegesa alinyoosha mikono, akairudisha. Akawatazama wenzake, nao wakatazama chini. Karibu na mlango kiganja kikateleza kwenye saruji laini. Mzee alianguka chali juu ya litungu lake, na kilichovunjika si mti peke yake.

Nashoni alirudi na wageni, akamkuta babake amelala chini, wakwe wamemzunguka wakilia, hakuna aliyemgusa.

"Mlikuwa mnatazama tu?" alifoka.

"Ulisema atabebwa," Wegesa alijibu. "Hukusema na nani."

Nyonga haikuunga. Mzee alizikwa kabla ya mavuno. Baada ya matanga Nashoni alijenga mteremko kwa mikono yake, mpana, mzuri kabisa. Watu wakapanda bila taabu, wakakaa ukumbini, wakatazamana. Litungu hakuna aliyejua kulipiga.

FUNZO

Nyumba ya wote huanza kujengwa kwa kumfikiria asiyeweza kupanda, tena siku ya kuchimba msingi, si baada ya matanga. Na wewe unayesema mwenzako atabebwa, mtaje mbebaji kwa jina. Ukilikosa jina, shika sururu.