Bodi au Lenzi, Baba Ummy?

"Usilipie lenzi, Mama Ummy. Mwambie Faridu tunachukua bodi."

Kauthar alifumba macho, simu sikioni. Alikuwa amesimama dukani kwa Faridu, muuza kamera za mtumba Tarime mjini. Mezani palikuwa na vitu viwili: bodi, yaani kamera yenyewe, mpya kuliko yao na yenye kilenzi cha kawaida, na lenzi fupi nene yenye jicho kubwa la kuona kwenye mwanga hafifu. Uwezo wao ulikuwa wa kimoja tu.

"Tulishakubaliana lenzi, Baba Ummy."

"Wewe ndiye uliyekubali. Mimi nilichoka kubishana."

Mumewe, Muzamil, alikuwa Nyangoto. Tangu watu wafurike kule kufuata dhahabu, alipanga chumba huko akawa anawapiga picha wachimbaji. Mtu anatoka shimoni na vumbi, kesho yake kavaa suti, anataka picha. Ijumaa Muzamil analeta kamera nyumbani Turwa, maana Jumamosi ni harusi, na upande wa wanawake mpiga picha ni Kauthar.

"Wachimbaji wananicheka," Muzamil alisema. "Wanauliza kamera gani hii imeshikwa na gundi."

"Picha si zinatoka?"

"Mwenye hela anaangalia kamera kwanza."

"Na mimi kule ndani, mapazia yameshushwa, taa moja? Lenzi yetu haioni kitu."

"Washa flashi."

Faridu akakohoa. "Dada, nipo hapo nje. Ila kuna mteja wa Sirari anakuja jioni, anataka vyote viwili." Akatoka.

"Unamkumbuka bibi yake Maua, yule bi harusi niliyempiga picha?" Kauthar akauliza.

"Aliyefariki juzi juzi?"

"Siku ya harusi alimwekea Maua mkono kichwani, akamwombea dua. Nikapiga bila flashi, nisiikatize dua. Imetoka ukungu mtupu. Maua kila akija ananiuliza, 'Dada, hujaipata tu?' Namdanganya kwamba bado natafuta."

"Hukuniambia."

"Nikuambie saa ngapi? Ijumaa unakuja unalala. Jumamosi harusi. Jumapili unaondoka na kamera." Akaigusa ile bodi mezani. "Tukiwa na bodi mbili, moja ikabaki huko, nyingine hapa, Ijumaa utarudi kufanya nini?"

Upande wa pili zilisikika kelele za makarasha yakisaga mawe.

"Muzamil." Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Ummy azaliwe.

"Nipo."

"Kuna mwanamke?"

"Wallahi hakuna. Kuna chumba na kitanda, na hakuna mtu wa kuninunia. Nilikuwa nimeanza kukizoea."

Kauthar alijikuta amekaa juu ya stuli.

"Afadhali ungesema yupo. Ningejua nagombana na nani."

"Nimechoka, Kauthar. Nikija nakuta na wewe umechoka. Tunaishia kuchokana."

"Basi chukua hiyo bodi, ukae huko. Ila Ummy utakuja kumwambia mwenyewe."

Akakata simu. Machozi yakamtoka taratibu, bila kwikwi. Faridu alichungulia, akamwona, akarudi nje bila kuuliza.

Meseji ikaingia: "Usilipie kitu. Nakuja."

Ilikuwa Jumatano.

Muzamil alifika kwa bodaboda kabla ya jioni, nyusi zimejaa vumbi jekundu, kamera shingoni. Alimsalimia Faridu, akaketi karibu na mkewe. Kisha akaichukua lenzi ile, akaifunga kwenye kamera yao kuukuu, akamwelekezea Kauthar.

"Usinipige. Nimelia."

Alikuwa ameshapiga. Duka lile lilikuwa na kiza, lakini kwenye kioo cha kamera sura ya Kauthar ilitoka yote, mpaka mishipa ya shingo. Muzamil aliitazama kwa muda mrefu.

"Umekonda."

"Umeona leo?"

"Nimeona leo." Akaishusha kamera. "Nisamehe, mke wangu. Nilikuwa nakimbia nyumba badala ya kukuuliza kinachokusumbua."

"Na mimi nilikuwa nanuna badala ya kusema."

Muzamil akageukia mlangoni. "Faridu! Tunachukua lenzi."

Faridu akaingia akitabasamu, akatafuta kitambaa cha kuifungia.

Walipotoka, Muzamil alichukua mkoba wa mkewe akaubeba begani.

"Kesho unarudi Nyangoto?" Kauthar akauliza.

"Narudi, ndiko kazi iliko. Lakini nitakuwa nakuja nyumbani siku yoyote, hata mikono mitupu."

"Usiahidi sana. Umechoka."

"Basi leo tu."

"Leo inatosha," Kauthar alisema, akamshika mkono, wakaanza kuelekea Turwa polepole.