Shaba ya Osiako

Chai ndiyo iliyotangulia kuharibika. Nabwire aliipika alfajiri, akaitia kwenye thamosi, akaibeba hadi duka lao la kupiga chapa mjini Kakamega. Alipoimimina saa nne ilikuwa baridi kama ya jana.

"Thamosi imekufa," akasema Shitanda, mumewe, bila hata kuinua kichwa.

Alikuwa na furaha zake, mwacheni. Mwaka huo wa 1998 wenye laptopu Kakamega walihesabika kwa vidole, na ya kwake, mtumba kutoka Nairobi, ilikuwa kobe. Basi akaifungua, akaulazimisha ubongo wa mashine, ile prosesa, uende mbio kuliko ulivyoumbiwa. Ikaenda kweli, lakini ikachemka hata ikawa inajizima katikati ya ripoti za wanafunzi wa chuo cha Bukura. Akatoboa matundu chini, akafunga feni ndogo, wapi! Kilichokosekana ni kipande bapa cha shaba cha kulaza juu ya ubongo ule, kiunyonye joto.

Osiako ndiye aliyempa, siku moja kabla ya chai ile kupoa. Osiako, msimamizi wake wa harusi, waliyekula naye obusuma sahani moja tangu utotoni. Alikileta kipande hicho kimefungwa kitambaani. "Kipokee kwa mkono wako, ndugu yangu. Na useme asante."

Shitanda akacheka, akashukuru, akakipokea. Osiako akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia la mahindi.

Tangu siku hiyo laptopu haikujizima tena. Ilipoa, kisha ikazidi kupoa, mpaka umande ukatanda juu ya vibonye, na feni ikaanza kupuliza harufu ya udongo mbichi, ule wa kaburi linapochimbwa. Shitanda akaufuta umande kwa leso, akaendelea kujisifu kwa wateja.

"Baba Bev," Nabwire akanong'ona mchana mmoja, "hebu shika huyu mtoto miguu."

Beverly, miezi minne, alikuwa kikapuni nyuma ya meza. Miguu yake ilikuwa barafu. Hakulia. Hospitalini walimpima, wakasema hana malaria, mfunikeni vizuri. Walimfunika blanketi tatu, na bado alizidi kupoa, na kila siku alinyonya kidogo kuliko jana.

Siku ya tano Shitanda akaizima laptopu, akachomoa waya, akatoa betri, na feni ikaendelea kuzunguka, polepole, bila umeme wowote, na mle ndani ya matundu aliyoyatoboa kwa mkono wake mwenyewe ikasikika sauti ya mtu anayefyonza uji wa moto, na kila ilipofyonza kifua cha Beverly kilibonyea, na ilipotulia kikainuka, hata Nabwire akamnyakua mtoto akakimbia naye barabarani bila viatu.

Shitanda akaing'oa shaba. Upande wake wa nyuma aliona michoro iliyofifia, akaijua. Ilikuwa bangili ya nyanya yake Osiako, aliyeagiza azikwe nayo, jamaa zake wakaivua jenezani. Imegongwa nyundo ikawa bapa.

Maalimu mmoja wa Mumias aliitazama kwa mbali, akakataa kuishika. "Jini huyu anakula joto la mdogo wa nyumba. Hatupwi, hachomwi. Anahama na anayeipokea shaba kwa mkono wake akashukuru. Aliyekupa alijua, mwanangu."

Alijua! Neno hilo lilimuuma Shitanda kuliko jini mwenyewe. Akakumbuka Mitchel, binti wa Osiako, alivyougua baridi isiyo na jina, akapona ghafla wiki ile ile ya zawadi. Akaitia shaba mfukoni, akaenda Shieywe, nyumbani kwa Osiako.

"Ulijua?" akamuuliza Osiako mlangoni.

"Mitchel alikuwa anakufa."

"Na wangu? Ulimbeba Beverly kanisani akibatizwa, Osiako!"

Osiako akatazama chini. "Ningekuambianga ukweli, ungeichukua?"

"Ichukue sasa. Ni yako."

Osiako akaficha mikono mgongoni, akarudi nyuma hatua mbili, akakaa kitini akilia. "Nisamehe. Siwezi."

Mitchel, miaka sita, akatoka mbio jikoni. Tangu ajue kutembea, mfuko wa koti la Shitanda ulikuwa duka lake la peremende. Hakuombanga, alijichotea tu. Shitanda akausikia mkono ule mdogo, wenye joto, ukiingia mfukoni. Neno moja lingetosha kumzuia. Akamwona Osiako amejifunika uso, akamkumbuka Beverly, akanyamaza.

"Asante, anko!" Mitchel akasema, akakimbilia uani na ngumi imefumbwa.

Nyumbani, Nabwire alimpokea akicheka na kulia. Beverly alikuwa anatoka jasho, akipiga mayowe ya njaa. Chai ilikuwa mezani ikifuka moshi.

"Umemfanyaje Osiako?"

"Nimemrudishia chake."

"Na alivyokufanyia! Angalau alishukuru?"

Shitanda akakishika kikombe kwa mikono miwili. Mikono ilikataa kupata joto.

"Walishukuru," akasema.