Sijambo, Ila

Msaili hakuwa na uso. Alikuwa mtambo uliopachikwa ukutani, ghorofa ya tisa, jijini Dodoma, na asubuhi ile alikuwa amekwisha kuwahoji waombaji mia nne na kumi na wawili kwa mpigo, kila mmoja akiwa kwake, kila mmoja akidhani anasikilizwa peke yake. Kufikia saa tatu alikuwa amebakiza jina moja tu: Sikudhani Mrisho, mbunifu wa kiolesura.

Kiolesura ndiyo ile sehemu ya mtambo ambayo mtu huiona, huigusa na kuzungumza nayo. Mengine yote hufichwa ndani kama utumbo. Timu ya Mhandisi Generoza Komba ilikuwa na mafundi wa utumbo tele, lakini wa sura hawakuwa naye hata mmoja. Na Jumatatu mtambo wao, Mjuahali, ulikuwa unaingia katika nyumba za wazee wote wanaoishi peke yao, nchi nzima. Kila alfajiri ungemjulia mzee hali, na akisema anaumwa, ungeita gari la wagonjwa papo hapo. Mwaka mzima ulikuwa ukijaribiwa katika wilaya mbili, na Generoza alitaka mtu wa kuung'arisha tu. Rangi, herufi kubwa, mambo hayo.

Sikudhani aliitwa, akaingia ofisini saa nne, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mkoba kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Habari za safari?"

"Njema. Za hapa?"

"Nzuri tu, ila kichwa kinanigonga tangu juzi. Kaa, mwanangu."

Generoza akamwashia Mjuahali mezani. Kioo kikang'aa, sauti ya upole ikatoka: "Hujambo?"

"Hiyo salamu ni yangu mimi," Generoza alisema, na majivuno hakuyaficha. "Mitambo ya kigeni inamhoji mzee kama polisi: unaumwa wapi, tangu lini. Nikasema hapana, wa kwetu utakuwa na adabu. Sasa wewe ungebadilisha nini hapo?"

"Hiyo salamu."

Generoza alicheka, halafu akaona mwenzake hacheki.

"Mama, nimekuuliza za hapa, ukaniambia nzuri. Kisha ndipo ukataja kichwa. Mjuahali ungekuandikaje?"

Generoza alijua jibu, maana kanuni aliiandika kwa mkono wake: jibu la kwanza likipatikana, andika, funga shauri, nenda nyumba inayofuata. Ungemwandika mzima. Lo, wahandisi kumi na saba, wote wamelelewa na bibi zao, wote wanasema "nzuri, ila" mara ishirini kwa siku, na hakuna aliyeliona!

"Baba yangu alikuwa kwenye majaribio, Kondoa," Sikudhani alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililomtisha Generoza. "Jirani alimkuta saa tano, amekwisha kupoa. Barua yenu ilisema saa kumi na mbili alijibu kuwa hajambo. Namjua baba yangu. Hakuishia hapo. Nimeomba kazi hii nisikie alichomalizia."

Kulikuwa na hifadhi iliyoitwa Mabaki. Sikio la Mjuahali lilichelewa kuzimika kwa nusu dakika, na maneno yaliyonaswa humo yalitunzwa ili kuufundisha mtambo lafudhi za watu. Hakuna binadamu aliyewahi kuyasikiliza. Generoza angeweza kukataa, mkataba ulimruhusu. Alitafuta jina la Mrisho, akabonyeza.

"Sijambo," ilisema sauti ya mzee. "Ila kifua kinanibana, na mkono huu siuhisi. Naomba mniitie mtu." Kimya kidogo. "Haya, asante."

Sikudhani alilia bila kujificha. Generoza naye alilia, kwa aibu, aibu ya mtu aliyeua kwa adabu yake.

"Nakuajiri," alisema baadaye, akijua neno hilo halina maana tena. "Jumatatu hakuna kuzindua kitu. Utaanza lini?"

Sikudhani alikuwa amekwisha kuvuta kioo kwake, amefungua mabaki ya leo, ya alfajiri hiyo hiyo. Rekodi ya nne ilikuwa ya bibi mmoja wa Mpwapwa, saa kumi na mbili na dakika ishirini: "Sijambo, ila nimeanguka hapa bafuni, siwezi kuinuka."

Sasa ilikuwa saa nne na nusu. Generoza aliita gari la wagonjwa. Wakamwambia dakika arobaini. Akafungua njia ya sauti hadi bafuni kwa bibi yule. Tangu utotoni hakuwahi kumsemesha mkubwa kabla ya kumwamkia.

"Bibi, unaumwa wapi? Niambie unaumwa wapi!"

Maji yalisikika yakichuruzika. Kisha sauti, nyembamba, kutoka chini sakafuni.

"Marahaba, mjukuu wangu. Sijambo."

Wanawake wawili wakainamia kioo, wakaingoja ile "ila". Maji yaliendelea kuchuruzika.