Mshonaji Aenda Kliniki Bila Bima

Ilikuwa mwaka 2009, katika majira ya kipupwe. Asubuhi zilikuwa na baridi. Watu wengi walipeleka makoti kwa mshonaji ili yabadilishwe zipu au yazibwe mifuko iliyotoboka. Kwa hiyo mshonaji huyo, mwanamke kijana, alikuwa na kazi nyingi kuliko kawaida. Cherehani yake ilikaa karibu na dirisha, katika chumba cha mbele. Chumba cha nyuma ndicho walicholala yeye na mumewe.

Mumewe alikuwa fundi wa baiskeli. Mtaani walimwita Benki, kwa sababu fedha ikiingia mkononi mwake haikutoka kwa urahisi. Hakuwa mchoyo. Alikuwa mwoga wa kuishiwa.

Mshonaji alikuwa na mimba ya kwanza, nayo ilikuwa imeingia mwezi wa saba. Hakuwa amefika kliniki hata mara moja. Si kwamba hawakumtaka mtoto, walimtaka sana. Mimba ilipoanza, Benki alikwenda kuuliza bei katika hospitali moja ya binafsi yenye milango ya vioo. Karani alimwuliza, "Una bima ya afya?" Alipojibu kwamba hana, alitajiwa gharama za kliniki na za kujifungua kwa pamoja. Siku hiyo alirudi nyumbani bila hamu ya kula.

"Mke wangu," alisema, "hatuwezi kulipa huku na huku. Tuache kliniki. Tuweke kila senti kwa ajili ya siku yenyewe."

Mkewe alikubali. Waliweka fedha katika kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati. Kila kopo lilipozidi kuwa zito, waliona kwamba wanafanya jambo la busara. Walikosea, lakini hawakujua.

Mchana mmoja, mkunga wa kituo cha afya cha serikali alikuja kujaribu sare yake mpya. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti kavu na macho yasiyopitwa na kitu. Mshonaji aliinuka polepole, huku ameshika meza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unatembea kama mtu anayekanyaga miiba?"

"Ni miguu tu, mama. Imevimba. Mama mkwe anasema ni uzito wa mimba."

"Na viatu hivyo ni vya nani?"

"Vya mume wangu. Vyangu vimenikataa."

"Ala! Kwa hiyo yeye amevaa vyako?"

Wote wawili wakacheka. Mkunga akaivaa sare. Mshonaji akaanza kuibana mabegani kwa pini. Ghafla akasimama, akafumba macho, kisha akayafumbua.

"Kichwa kinauma?" mkunga aliuliza. Hakuwa akicheka tena.

"Tangu juzi. Labda ni kwa sababu ya kutunga uzi kwenye sindano. Wakati mwingine naona vimulimuli mbele ya macho."

"Kliniki walikuambia nini?"

"Sijakwenda, mama. Hatuna bima. Tunaweka fedha za siku ya kujifungua."

Mkunga hakumkaripia. Aliligusa bega la sare na kuuliza, "Hebu niambie. Kwa nini umeniita leo nijaribu nguo? Si ungeimaliza tu, nami nikaja kuichukua?"

"Nguo haimalizwi hivyo, mama! Nikishona moja kwa moja, halafu bega likakaa vibaya, itanibidi nifumue yote. Pengine na kitambaa kitaharibika. Kasoro hurekebishwa mapema, nguo ikiwa bado na pini."

"Umenijibu vizuri. Kliniki ndiko kujaribu nguo. Siku ya kujifungua ni siku ya kuichukua. Ninyi mmeweka fedha za kuchukua nguo ambayo hakuna aliyeijaribu."

Mshonaji aliirudisha pini ndani ya kikopo chake. 

"Sasa nisikilize," mkunga aliendelea. "Miguu kuvimba peke yake huwapata wajawazito wengi. Lakini ikivimba, kichwa kikauma, na macho yakaona vimulimuli, huenda shinikizo la damu limepanda. Likiachwa, linaweza kumwua mama na mtoto. Jambo hili si la kesho. Vua tepu hiyo ya kupimia shingoni, twende."

Wakati huo Benki aliingia, mikono imejaa grisi. Alipoelezwa, alilitazama kwanza kopo, ndipo akamtazama mkewe. Mkewe aliliona jambo hilo, likamwuma.

"Mama, hospitali naijua," Benki alisema. "Nilikwenda. Mtu asiye na bima hawamtaki."

"Ulikwenda ya milango ya vioo. Kwetu ulikuja?"

"Hapana."

"Uliuliza bei ya kila kipimo?"

"Nilitajiwa jumla, nikatoka."

"Ulitoka, au ulikimbia?"

Benki alijifuta mikono kwenye suruali. "Nilitembea haraka."

"Kwetu mjamzito hupimwa shinikizo la damu bila malipo. Vipimo vya mkojo na damu hulipiwa, lakini bei yake haifikii tairi moja la baiskeli."

"Jipya, au lililotumika?"

"Mume wangu!" mshonaji alisema kwa ukali ambao hakuwahi kuutumia. "Kichwa changu kinapasuka, nawe unauliza habari za tairi?"

 Benki akapanda juu ya kigoda, akalishusha kopo.

"Lakini tukizitumia sasa," alisema kwa sauti ndogo, "siku yenyewe itakuwaje?"

"Siku hiyo ina njia yake, nami nitakuonyesha," mkunga alijibu. "Lakini shinikizo hilo likimletea mkeo kifafa cha mimba, mtahitaji upasuaji, dawa na kitanda cha siku nyingi. Kopo hilo halitatosha hata kuanzia. Na fedha hazimrudishi aliyekufa."

Wakaondoka watatu, wakatembea taratibu hadi kituoni.

Shinikizo la damu lilikuwa juu. Kipimo cha mkojo pia kilionyesha kasoro. Daktari aliamua kumlaza mshonaji, akaanza kumpa dawa za kushusha shinikizo hilo. Benki alikaa kwenye benchi, akijua kwamba kila siku ya kulazwa ina gharama yake. Mkunga alimshika mkono, akampeleka kwenye chumba cha ofisa wa ustawi wa jamii.

Ofisa huyo alimwuliza kazi yake, mapato yake na idadi ya watu anaowatunza. Hakumdharau.

"Asiye na uwezo kabisa huombewa msamaha," alieleza. "Wewe unafanya kazi. Utalipa kidogo kidogo, kiasi unachokiweza, na gharama za kujifungua tutaziingiza humo. Tupatane sasa, kabla ya siku kufika. Watu wengi hutukimbia kwa sababu ya deni ambalo hakuna aliyewadai."

"Na bima?"

"Mnaweza kujiunga baadaye. Lakini ulizeni masharti kwanza, kwa maana bima nyingi hazianzi kulipa papo hapo."

Baada ya siku chache, shinikizo lilishuka. Mshonaji aliruhusiwa kwenda nyumbani, ila alitakiwa kurudi kliniki kila wiki. Mkunga alimwonya mbele ya mumewe na mama mkwe: akitokwa na damu, kichwa kikimuuma sana, uso ukivimba, au mtoto akipunguza kucheza tumboni, waende kituoni saa hiyo hiyo.

"Zamani tulizaa bila hayo yote," mama mkwe alinung'unika.

"Ni kweli, mama," mkunga alijibu kwa heshima. "Na wangapi tuliwazika?"

Mama mkwe alifikiri kidogo. Tangu wiki iliyofuata, yeye ndiye aliyemwamsha mkwewe siku ya kliniki. "Amka, mwanangu, foleni haikungoji!"

Mwezi wa tisa wa mimba ulipoanza, shinikizo lilianza kupanda tena. Kwa kuwa liligunduliwa mapema, daktari alimlaza na kumpa dawa ya kuanzisha uchungu. Akajifungua mtoto wa kike, mwembamba, mwenye sauti kubwa. Mama alikuwa mzima.

Benki alilipa sehemu yake kila mwisho wa mwezi bila kukumbushwa. Siku ya malipo ya mwisho, mwanamume mmoja alikuwa nyuma yake katika foleni, amebeba mkoba wa mke wake mjamzito.

"Ndugu," alinong'ona, "wewe una bima?"

"Sina."

"Na mkeo walimpokea?"

"Walimpokea. Nenda chumba cha ustawi wa jamii leo hii. Usingoje siku ya uchungu, kama nilivyotaka kungoja mimi. Nusura nimpoteze."

Foleni ikasogea. Benki alifika dirishani, akahesabu noti mbele ya karani, akazisukuma zote kwake. Karani naye akazihesabu, akagonga muhuri.

"Deni limekwisha," alisema.

"Mlinidai polepole, nami nimelipa polepole," Benki alijibu. "Tumeheshimiana."